Kipushi, kwenye motere iliyovunjika mara tatu



Wiki hii hatuandiki juu ya chanjo wala juu ya bei ya unga. Tunaandika juu ya Kipushi na juu ya motoka yetu, kwa sababu wengi wenu mmetuuliza sokoni, kanisani, hata matangani: "Motoka ya bamama iko wapi? Falanga yetu ilienda wapi?" Mna haki ya kuuliza. Jibu lake linapitia barabara ya kilomita 30 hivi, kutoka Lubumbashi kwenda kusini-magharibi mpaka mpakani na Zambia.

Kipushi ni mji wa mgodi. Wabelgiji wa Union Minière walianza kuchimba pale miaka ya 1920, wakauita mgodi kwa jina la Prince Léopold. Baadaye ukawa wa Gécamines. Shaba ilitoka pale, na zinki nyingi sana. Kuna hata jiwe ambalo wataalamu wa mawe duniani wanaliita kipushite, kwa jina la mji huo, ingawa wengi waliozaliwa pale hawajawahi kulisikia. Mwaka 1993 kazi ilisimama. Mishahara ikakoma, baba wengi wakarudi nyumbani, na bamama ndio waliobeba nyumba kwa mboga, makala na biashara ya mpakani. Shimo lilibaki na pampu zake, maana mgodi ulioshuka zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi hauachwi bila pampu. Mwaka 2011 pampu zilishindwa na maji yakapanda. Ilichukua miaka kuyarudisha chini. Uzalishaji ulianza tena Juni 2024, chini ya kampuni ya Ivanhoe Mines ya Canada pamoja na Gécamines, miaka 31 baada ya kusimama.

Tunazitaja pampu hizo kwa makusudi. Mtu wa Kipushi hahitaji kuelezwa kwamba mashine kubwa inaweza kufa kwa sababu ya pampu ndogo, na ndiyo sababu tulikwenda kule.

Kwanza mkumbuke motoka yenyewe. Ni ile minibasi ya mazutu, mitungi minne, tuliyoinunua kwa likelemba ya miaka miwili. Jumanne na Ijumaa inachukua bamama na mboga kutoka Kipushi hadi soko la Kenya: lengalenga, matembele, sombe, na siku nyingine makala. Siku zilizobaki inakodishwa. Usiku inapigiwa simu mwanamke anaposhikwa na uchungu. Watoto wanne walizaliwa mwaka jana baada ya mama zao kufikishwa hospitali na motoka hiyo, na mmoja hakungoja hospitali. Kwa hiyo ikisimama, si pesa tu zinazosimama.

Mara ya kwanza ilisimama mwezi wa saba mwaka jana. Motere ilianza kugonga chini kama mtu anayepiga nyundo ndani ya ndoo, halafu ikakaza. Garaji moja ya Lubumbashi, ambayo hatutaitaja, ilifungua na kusema vilebrekini imekwaruzika. Vilebrekini ni ule mti mzito wa chuma ulio chini ya motere, wenye mapindo, unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko wa magurudumu. Unalala ndani ya kusineti, vipande vyembamba vya chuma laini kama ganda la mua, na kati ya kusineti na mti lazima pawe na utando wa mafuta. Walichonga vilebrekini, wakaweka kusineti nene zaidi, tukalipa dola 380. Motoka ilitembea miezi mitano.

Mara ya pili, kelele ile ile. Garaji ile ile, dola 460, na maneno ya aina ile: mazutu mabaya, shofere anakimbiza, bamama wanapakia kupita kiasi. Mwezi wa nane mwaka huu, kwenye kilima kidogo kabla ya kuingia mjini, motere ilitoa mlio mmoja ikanyamaza. Safari hii vilebrekini ilikuwa imekatika vipande viwili. Dola 840 zilikuwa zimekwisha kutoka kwenye sanduku, na barabarani kulikuwa na magunia ya sombe yanayooza.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Komisionere mmoja alikuwa ametuletea mpango: atupatie vilebrekini ya bei rahisi, motere iwake, rangi mpya ipigwe, halafu motoka iuzwe haraka kwa chama cha bamama wa Likasi wanaotafuta usafiri. Alisema hadi itakapovunjika tena, sisi tutakuwa tumekula pesa zetu. Wanachama 23 walikuwepo, na 11 walikubali. Hatuwalaumu, mtu aliyeweka akiba ya mboga kwa miaka miwili ana haki ya kutaka akiba yake irudi. Lakini mama mmoja, mwenye kuuza samaki, alisimama akauliza kwa sauti ya chini: "Na bale ba Likasi, babo habana batoto?" Kura 12 zikasema twende kwanza Kipushi kwa mzee aliyesifiwa, tujue ugonjwa ni nini.

Basi tulitoka siku ya Jumanne, mwezi wa tisa, saa kumi na mbili asubuhi. Jakaranda zilikuwa zimeanza kuchanua na vumbi bado lilikuwa la kiangazi. Motoka ilifungwa kamba juu ya kamyo. Sisi tulikuwa wanne, Mama Prezida, Mama Kesié, mwandishi wa barua hii na shofere. Kutoka mbele walikuja vijana wa baiskeli waliopakia makala, magunia matatu matatu, wakisukuma kwa kifua kwenye vilima. Wakati wa mama zetu, kuni zilikatwa karibu na nyumba. Sasa msitu umekimbia, na vijana hao wanatoka mbali kabla jua halijachomoza. Nyuma yao kamyo za mgodi, na kila kamyo ikipita unafunga dirisha, unahesabu hadi kumi, unafungua.

Kipushi inaonekana kwanza kwa mnara wake. Unatokeza juu ya miti, chuma kitupu na magurudumu yake juu, na chini yake ni shimo ambalo nusu ya familia za mji zina jina la mtu wao ndani. Halafu zinakuja nyumba za kampuni, za matofali, zilizopangwa mstari, kila moja na mwembe wake. Soko ni dogo kuliko la kwetu lakini lina unga na mafuta ya kupikia vya ng'ambo ya mpaka, na bamama wanaovuka kwenda na kurudi wanazungumza Kiswahili na Kibemba katika sentensi moja bila kupumua. Mama Prezida alinunua lengalenga kabla hatujafika hata garaji. Alisema ni rahisi. Ilikuwa rahisi kweli.

Garaji ya mzee iko nyuma ya nyumba moja ya kampuni, chini ya miembe miwili. Hakuna kibao. Mzee alifanya kazi ya pampu na komprese chini ya mgodi hadi 1993, na tangu hapo anatengeneza motere za kusagia unga, za kuvuta maji, na motoka za watu wenye subira. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, akatuletea viti. Halafu akasema: "Musinionyeshe motere kwanza. Munionyeshe ile mufupa yenye ilivunjika."

Tulikuwa tumebeba vipande vyote viwili vya vilebrekini ndani ya gunia la unga. Mzee aliviosha kwa petroli ya taa, akaviweka juani juu ya meza, akatuita tusogee. Hapo tulikaa karibu saa nzima, na hatujapata kuona chuma kikisomwa namna ile.

Mahali palipokatika palikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa ilikuwa laini na nyeusi, na juu yake mistari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama mistari inayoachwa na maji ya bwawa yanapokauka. Sehemu ndogo ilikuwa mbichi, inang'aa, yenye chembechembe kama sukari. Mzee alieleza kwamba ile nyeusi ni ufa wa zamani, ulioanza kwa unywele na kusogea kidogo kidogo kila siku ya kazi. Ile inayong'aa ni chuma kilichobaki mwishoni kikiwa kimebeba mzigo wote peke yake, hadi siku ile ya kilima. Kwa hiyo motere haikuvunjika mwezi wa nane. Mwezi wa nane ilimaliza kuvunjika.

Akafuata mistari ile kurudi nyuma hadi mwanzo wake. Ilianzia kwenye kona, pale ambapo sehemu ya mviringo inakutana na ukuta wa pindo. Kona hiyo kiwandani huachwa na mviringo laini, kama ndani ya bakuli. Kwetu, aliyeichonga alikuwa ameiacha kali kama kona ya sanduku. Kila fundi cherehani anajua jambo hili: nguo hupasuka kuanzia pale mkasi ulipoacha pembe. Na ufa haukukata moja kwa moja. Ulikwenda kimshazari, karibu nusu pembe mraba. Mzee alichukua kitambaa kilicholowa, akampa Mama Kesié ncha moja, wakakikamua kama shuka. "Munaona mistari ya kitambaa inalala? Hii chuma ilikamuliwa vile."

Ikabidi aeleze kwa nini vilebrekini ikamuliwe, na tunalieleza hapa kwa sababu wanaume wawili pale garaji walisema si mambo ya bamama, na tulilielewa kabla yao. Kila mtungi ukilipuka unausukuma mti ule kwa kishindo upande wake, na mti, ingawa ni wa chuma kizito, unajikamua kidogo na kujirudisha, mara maelfu. Mbele yake kuna puli, gurudumu linalovuta mikanda. Puli ya kiwandani si kipande kimoja: ina kitovu, ina pete ya nje, na katikati kuna mpira. Mpira huo ndio unaomeza mtetemo wa kukamuliwa. Mpira ukichoka, pete inateleza na kuyumba. Puli yetu haikuwa na mpira kabisa. Mtu alikuwa ameichonga puli ya chuma kitupu, nzuri kwa macho, na boliti yake haikukazwa kwa nguvu iliyopimwa. Kijiti cha chuma kinachoishika kilikuwa kimekwisha kuliwa nusu.

Hapo tulidhani tumemaliza. Mzee akacheka. "Hii ni sababu ya mara ya tatu. Mulisema motere yenu ilikufa mara ngapi?"

Ufa ulieleza kuvunjika kwa tatu, lakini haukueleza kwa nini kusineti ziliungua mara mbili kabla yake. Hapo akafungua upande wa mbele wa motere, akaingiza taa.

Tuseme kidogo juu ya kile alichokitafuta. Motere ya mitungi minne iliyopangwa mstari ina kasoro ya kuzaliwa. Pistoni mbili zinapanda wakati mbili zinashuka, kama bamama wanne wanaotwanga kwa zamu, na kwa mbali unaona wanalingana. Lakini pistoni inakimbia zaidi ikiwa karibu na juu kuliko ikiwa chini, kwa hiyo zile zinazopanda na zile zinazoshuka hazifutani kabisa, na kila mzunguko mmoja unabaki na mitikisiko miwili. Mwingereza Frederick Lanchester alipata dawa yake mwaka 1904: miti miwili midogo yenye uzito upande mmoja, inayozunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa vilebrekini, mmoja kulia na mwingine kushoto, ili itikise kinyume na motere yenyewe. Dawa hiyo ililala muda mrefu. Miaka ya 1970 Wajapani wa Mitsubishi waliirudisha kwenye motere zao, na hata Porsche wakawalipa ili waitumie. Leo iko ndani ya motere nyingi za mazutu zinazotembea kwetu. Miti hiyo ni ya kutuliza tu. Ikitolewa vizuri, motoka itatikisika zaidi lakini itaishi.

Shida iko kwenye maneno "ikitolewa vizuri". Miti hiyo nayo inalala kwenye vikombe vyake, na kila kikombe kina tundu linaloleta mafuta kutoka pampu ile ile inayolisha vilebrekini. Tena, mmojawapo huzungushwa na mkanda mdogo uliojificha nyuma ya mkanda mkubwa. Mkanda mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa na kuharibu kila kitu, kwa hiyo mafundi wengi wanautoa kabla haujawaletea msiba. Kwetu mtu aliutoa, akautoa na mti wake mmoja, akafunika mbele, akanyamaza. Wa pili aliuacha unazunguka peke yake. Mmoja bila mwenzake hausawazishi kikamilifu. Unaongeza mtikisiko wa upande. Na pale mti ulipokuwa, mashimo ya mafuta yalibaki wazi.

Mama Kesié si mtu wa kulipa kwa maneno. Alimwambia mzee kwa adabu kwamba fundi wa kwanza pia alizungumza vizuri. Mzee hakukasirika. Alisema basi tutaona kwa macho, lakini itahitaji vilebrekini nyingine, na mrudi wiki ijayo.

Tulirudi Jumanne iliyofuata. Alikuwa amepata vilebrekini mbili za zamani za motere ya aina hiyo. Alizining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mwembe, akazigonga kwa nyundo ndogo. Moja ililia kama kengele na sauti ikakaa hewani. Nyingine ililia ikafa. Bamama wa chungu wanajua kazi hiyo. Hakuna anayenunua chungu sokoni bila kukigonga. Halafu akazipaka petroli ya taa, akazifuta zikauka, akazinyunyizia unga wa chaki ya shuleni. Tulingoja kama dakika kumi. Kwenye ile yenye sauti mbovu, petroli iliyokuwa imejificha ndani ilipanda kwenye chaki na kuchora mstari mwembamba, mahali ambapo jicho halikuona chochote. Muuzaji alitaka dola 180 kwa hiyo mbovu na 230 kwa nzima. Kama tungechagua kwa bei, tungekuwa tunaandika barua nyingine.

Ile nzima ilipimwa kwa mikromita, ikafungwa na kusineti mpya. Kabla ya kufunika karteri, lile bakuli la mafuta la chini, mzee alileta chombo chake mwenyewe: mtungi wa zamani wa gesi uliojaa mafuta ya motere, na mpira wa komprese. Aliuunganisha pale penye waya wa taa ya mafuta, akasukuma hewa, nasi tukainama chini na tochi.

Kwenye kusineti za vilebrekini mafuta yalidondoka tone, tone, tone, kama inavyotakiwa. Kule mbele, kwenye kikombe kisicho na mti, yalimwagika kama bomba la yadi lililoachwa wazi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kila motere ile ilipowaka, tangu siku ile mti ulipotolewa, mafuta yaliyopaswa kwenda kwenye vilebrekini yalikuwa yanachagua njia rahisi na kurudi chini. Motere ikiwa baridi, mafuta ni mazito na yanatosha kidogo. Ikipata moto kwenye foleni, yanakuwa mepesi kama maji, na kusineti za mbali na pampu zinabaki kavu. Shofere wetu akakumbuka taa nyekundu iliyokuwa ikimeta kwenye vizuizi motoka inaposimama, na inayozimika ukikanyaga. Alikuwa ameripoti garaji mara mbili. Waling'oa waya wa taa na kusema ni umeme.

Mzee aliendelea. Alitoa radiyateri ndogo ya mafuta, akaikung'uta juu ya kitambaa cheupe, ikatema chembe zinazong'aa. Hizo ni kusineti za mara ya kwanza. Waliofungua motere mwanzoni walibadilisha kilichoharibika na kuacha takataka yake kwenye mishipa, ikangoja kusineti mpya na kuzila. Radiyateri kama hiyo haisafishiki kwa uhakika, ikanunuliwa nyingine.

Kisha akaziba. Vikombe vilivyokuwa na tundu alivigeuza robo mzunguko ili tundu la kikombe lisikutane na tundu la mafuta. Mti wa pili aliukata kwenye mashine ya kuchongea chuma, akabakiza kipande kifupi tu kinachohitajiwa na pampu. Akasukuma mafuta tena. Tone, tone, kila mahali, hakuna bomba. Mama Kesié alishika tochi mwenyewe, akazunguka motere yote mara mbili, ndipo akafungua mkoba.

Hesabu tunaziweka wazi. Vilebrekini dola 230, kusineti 75, puli yenye mpira 60, juwa na sili 55, radiyateri ya mafuta 45, mafuta na kichujio 40, kazi ya mzee 150. Jumla ni dola 655. Motere nzima ya kuokoteza tuliyoulizia Lubumbashi ilikuwa dola 1,400, na hakuna aliyekubali kutufungulia tuangalie ndani.

Mnaomiliki motoka za zamani, au ambao mume au kaka anayo, shikeni haya. Kusineti zikiungua mara ya pili, usilipe kuchonga kabla fundi hajakuonyesha mafuta yanakwenda wapi. Dai vipande vya zamani, vyote, uvibebe nyumbani hata kama ni vizito; ni cheti cha ugonjwa. Uliza kama miti ya kusawazisha bado imo ndani. Ikiwa imo, mikanda yote miwili inabadilishwa pamoja, na alama za meno zipangwe sawasawa, maana mti uliofungwa vibaya unatikisa motere kuliko kutokuwa nao. Puli ukiiona inayumba motere ikiwa inazunguka, simama hapo hapo. Na taa ya mafuta ikiwaka, haijalishi ni ya waya au ni ya kweli, kwanza pima kwa saa ya mafuta.

Saa hiyo tulinunua. Siku motere ilipowaka, ikiwa imepata moto na haijakanyagwa, ilionyesha bar 1.5, na ikikanyagwa inapanda hadi 4. Shofere anaandika namba hizo kwenye daftari kila Jumamosi. Baada ya kilomita 500 mzee alifanya vidanji, akakikata kichujio kwa msumeno, akakifungua juani kama samaki. Hakikuwa na kinachong'aa. Vioo vya pembeni vinatetemeka motoka ikisimama, na mama mmoja amelalamika kwamba mayai yake yamepasuka matatu. Mzee alituambia tangu mwanzo kwamba itatikisika. Anataka kuiona tena baada ya miezi mitatu kabla ya kusema amemaliza.

Komisionere amejibiwa. Bamama wa Likasi walipiga simu wiki iliyopita, tukawaeleza yote kama tulivyoandika hapa, nao wameomba nambari ya mzee kwa motoka yao nyingine.

Safari zinaanza tena Jumanne hii, kutoka soko la Kipushi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sanduku lina upungufu wa dola 215 tulizokopa kwa wanachama watatu, na mkutano wa Jumapili utaamua nauli ipande kiasi gani na kwa wiki ngapi. Kwa wanaobeba mizigo: gunia la makala halikai tena kiti cha mbele. Wenye mayai wakae katikati.